Kutunza si Kuficha

Katika nchi ya Marekani hutangazwa mara kwa mara motokaa za namna ya peke yake kwamba zinauzwa. Ni motokaa zilizoundwa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kwenda mbio, zenye milango miwili na injini ya nguvu nyingi. Walakini mbio hizo hazikwenda. Zimekaa bandani chini ya shuka miaka thelathini au arobaini. Rangi yake yang'aa kama siku zilipotoka kiwandani, viti vyake ni kama havijakaliwa, na kipimo cha maili chaonyesha mwendo mdogo ajabu, pengine mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima angeumaliza kwa siku mbili. Na kwa sababu hiyo hiyo bei yake ni kubwa mno. Mwenye kuuza hajisifu kwamba chombo chake kimefanya kazi njema. Hujisifu kwamba hakikufanya kazi.

Huenda msomaji akauliza: Mambo hayo yatuhusu nini sisi, ambao wengi wetu hatutapata hata kuiona motokaa ya namna hiyo? Twajibu kwamba motokaa ni mfano tu, na swali lililomo ndani yake ni la watu wote. Je, ni vema mtu kukinyima chombo kazi yake ili thamani yake ipande? Na tena, kazi ya kulinda kitu kisichotumika humfanya mlinzi awe mtu wa namna gani?

Tutwae mfano mmoja ulio wazi. Baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973, Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1975 ya kuwalazimisha waundaji wa motokaa kupunguza matumizi ya petroli. Injini kubwa za silinda nane, zilizokuwa fahari ya nchi ile, zikadhoofika. Ndipo mafundi wa Buick walipotwaa injini ya silinda sita, yenye ukubwa wa lita 3.8, wakaitia turbo, yaani kifaa kinachotumia moshi utokao injinini kuzungushia feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini ile ile. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana motokaa iliyoitwa Grand National, nayo tangu mwaka 1984 ilipakwa rangi nyeusi tupu. Mwaka 1987 injini yake ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 245, hali Corvette ya mwaka ule ule, yenye silinda nane, ilikuwa na 240. Mwaka huo huo zikaundwa nyingine 547 zenye nguvu zaidi, jina lake GNX, zilizohesabiwa nguvu za farasi 276. Bei yake ilikuwa karibu dola 29,000.

Watu walijua kwamba mwisho wa motokaa hizo umekaribia, kwa maana umbo jipya lililokuwa likija lilikuwa la namna nyingine kabisa. Basi baadhi ya wanunuzi waliilipia motokaa, wakaipeleka nyumbani na kuifunika. Grand National ya mwisho ilitoka kiwandani Pontiac, katika jimbo la Michigan, tarehe 11 Desemba 1987. Mwezi wa Januari 2022 ilipigwa mnada mjini Scottsdale, jimbo la Arizona, ikapata bei isiyopungua dola 500,000. Katika miaka thelathini na minne ilikuwa imekwenda maili 33.

Hatumhukumu mtu awaye yote. Hatumjui mwenye mali wala nia yake, na hukumu ya nia ni ya Mungu. Lakini twaweza kulipima tendo lenyewe, na katika kulipima yatupasa kwanza kuyasikiliza yale yanayoweza kusemwa kwa kulitetea, maana si machache wala si ya kipuuzi.

La kwanza, mali ni yake. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliitetea kwa nguvu haki ya mtu kumiliki alichokipata kwa jasho lake. Mtu aliyeilipia motokaa yake kwa fedha halali hakumwibia mtu. Wala mwenye kuificha motokaa ya anasa si sawa na mfanya biashara anayeficha nafaka wakati wa njaa. Huyu wa pili huwanyang'anya watu chakula kinywani, na huyo wa kwanza hakumwachisha mtu njaa.

La pili, wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Kujinyima leo kwa ajili ya kesho ni fadhila, nayo ni fadhila inayozidi kuadimika. Mtu aliyeweza kuitazama motokaa kama ile kila siku, ufunguo ukiwa mkononi, asiende nayo popote, bila shaka alijitawala.

La tatu, na hili kwa maoni yetu ndilo lenye uzito kuliko yote, kazi ya mikono ya wanadamu yastahili kukumbukwa. Kama kila kitu kingetumika hadi kuisha, watoto wetu wangejifunza wapi jinsi mababu walivyofanya kazi? Mafundi wanaotengeneza upya motokaa za kale huiendea ile isiyoguswa ili waone alama za rangi ambazo wakaguzi wa kiwanda walizitia, na jinsi kila waya ulivyopita. Mtu mmoja asipotunza, wengi hukosa kielelezo.

Hizo ndizo hoja, nasi twazikubali kwa kadiri yake. Hata hivyo hazitoshi.

Mwenye hekima Aristoteli, katika kitabu chake juu ya siasa, alifundisha kwamba kila mali ina matumizi mawili. Kiatu chaweza kuvaliwa, na chaweza kubadilishwa kwa kitu kingine. Yote mawili ni matumizi ya kiatu; lakini kuvaliwa ndiko kuliko kwake hasa, kwa maana hakuna fundi ashonaye kiatu ili kizunguke sokoni milele bila kupata mguu. Kadhalika motokaa. Mafundi wale wa Michigan hawakujisumbua na turbo ile ili iwe sanamu. Kila ukucha wa kazi yao ulielekea barabarani. Kwa hiyo motokaa iliyokwenda maili 33 katika miaka thelathini na minne imebadilishwa kuwa kitu kingine: ni noti ya benki yenye umbo la motokaa.

Tena maumbile yenyewe hayakubali ulaghai huo. Akiba haiozi, twasema. Lakini motokaa isiyotembea huoza. Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika na kuacha utando kama gundi katika mirija. Mipira inayozuia oili isivuje hukauka na kupasuka, kwa sababu oili haipiti kuilainisha. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Betri hufa, na panya huguguna nyaya. Matairi hukauka na kuwa magumu hata kama hayajagusa lami, na tairi la mwaka 1987, lijapokuwa na meno yake yote, laweza kupasuka mara motokaa inapoanza kukaza mwendo. Mwenyezi Mungu ameuumba ulimwengu hivi kwamba vitu vingi huhifadhiwa kwa kutumika vema, na huharibika kwa kuachwa.

Hapo ndipo msomaji wa Injili atakapotukatiza kwa swali gumu. Katika mfano wa talanta, mtumwa aliyeifukia mali ya bwana wake aliirudisha vile vile, bila faida, akahukumiwa. Huyu wa motokaa aliifukia yake, akafukua mara kumi na zaidi! Je, mfano umepinduka?

La, haukupinduka, ila tuulize faida hiyo imetoka wapi. Mwaka 1987 peke yake ziliundwa Grand National zaidi ya 20,000. Nyingi zilitumika. Ziliwapeleka watu kazini, ziliwachukua maarusi na watoto, zilishindana jioni za Jumamosi, zililiwa na kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, ziligongwa, zikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kila moja ilipokufa ikiwa kazini, ile iliyofichwa ilizidi kuwa adimu. Basi aliyeficha amelipwa kwa uchakavu wa motokaa za wengine. Kama wote wangefanya kama yeye, zingekuwako zaidi ya 20,000 mpya kabisa, na hakuna ambaye angetoa dola nusu milioni kwa moja. Tendo ambalo lina faida kwa sababu tu wengine hawalitendi si lazima liwe dhambi, lakini haliwezi kuwa kanuni ya maisha.

Na zaidi ya hayo, tukumbuke jambo ambalo mtumwa yule alikiri mwenyewe: aliogopa. Hakuhukumiwa kwa hasara, maana hasara hakupata. Hofu ndiyo iliyomfanya aonekane mvivu na mbaya. Hofu hiyo ndiyo mshahara wa kila mwenye kuficha. Anayeendesha motokaa yake huogopa ajali peke yake. Anayeificha huogopa maji, vumbi, jua, moto, mwizi, panya, mtoto wa jirani mwenye mpira, na hata mwenyewe. Kila maili moja humpunguzia fedha. Furaha ya kitu imekuwa gharama yake. Alinunua chombo cha kumpeleka mbali, nacho kimemfunga nyumbani. Alidhani amekuwa bwana, kumbe ameajiriwa kuwa askari wa bandani, bila mshahara, mpaka siku ya mnada.

Pengine mtu atasema: Na Kanisa je? Mbona nalo hufungia kalisi za dhahabu katika kabati? Swali ni la haki, na jibu lake latufaa. Kalisi hufungwa jioni ili itolewe asubuhi. Hufutwa kwa kitambaa safi kwa sababu kesho itabeba Damu ya Bwana. Utunzaji wote wa sakristia waelekea altare. Na shida kubwa zaidi ilipotokea, watakatifu hawakusita. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne ya nne, alivivunja vyombo vitakatifu ili fedha yake iwakomboe mateka. Waliomlaumu aliwajibu kwamba ni afadhali kumhifadhia Bwana watu kuliko dhahabu. Huyo alijua tofauti kati ya kutunza na kuficha. Mwenye kutunza aweza kutoa siku yoyote, kwa maana anajua kitu ni cha nini. Mwenye kuficha hawezi, kwa maana amekwisha sahau.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha vivyo hivyo kwa maneno ya shule. Alisema ni halali mtu kuwa na mali yake mwenyewe, kuipata na kuigawa. Lakini katika kuitumia yampasa aihesabu kama ya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulilikariri fundisho hilo kwamba mali ya dunia imekusudiwa na Mungu kwa ajili ya watu wote. Hatusemi kwamba kila dola isiyopelekwa hospitali imeibwa. Twasema kwamba mtu mwenye kulaza dola nusu milioni chini ya shuka yampasa ajiulize, na asiridhike upesi na jibu lake.

Sasa yatupasa kusema juu ya siku ya kuuza, maana wengi huirithi mali ya namna hiyo bila kuitaka, nao hutaka kujua wajibu wao. Kuuza ni halali, na mara nyingi ni ukombozi. Lakini waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twaongeza kwamba hata kizuri kina ubaya wake uliofichika, na mwenye kuuza hana ruhusa ya kuunyamazia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 yakataza kurudisha nyuma kipimo cha maili ili kumdanganya mnunuzi. Hiyo ni amri ya serikali, nayo ni njema. Sheria ya dhamiri yaenda mbali zaidi. Mtakatifu Thoma aliuliza kama muuzaji analazimika kukitaja kilema cha kitu anachokiuza, akajibu kwamba analazimika kila kilema kikiwa kimefichika na chaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Mfano alioutoa ni wa farasi kiwete anayeuzwa kwa jina la farasi wa mbio. Ni kama kwamba aliyaona mambo ya leo!

Tuyatazame matairi yale. Katika tangazo huandikwa kwa majivuno kwamba motokaa ingali na matairi yake ya kiwandani, na kwa mkusanyaji wa vitu vya kale neno hilo huongeza bei. Lakini matairi hayo hayo, kijana aliyeinunua motokaa akitaka kujua mbio zake, yaweza kumwua kabla hajafika mwisho wa barabara. Sifa ya karatasini ni hatari ya barabarani. Basi mwenye kuuza kwa haki atasema yote mawili kwa sauti ile ile: matairi ni ya asili, wala usiyaendeshe. Akisema la kwanza na kulinyamaza la pili, maili zake zote zaweza kuwa za kweli, naye akawa mwongo.

Na mnunuzi je? Kwake tuna shauri fupi. Kabla ya kuinua mkono mnadani, ajiulize anaitakia nini. Kama ataiweka mahali ambapo watu wengi wataiona na vijana wa ufundi watajifunza, ameipa kazi mpya, nayo ni kazi njema. Hapo hoja ya ukumbusho yasimama imara. Kama ataibadilisha mipira na matairi, amwage petroli iliyooza, na siku ya sikukuu awapakie wazee wake, ameirudishia kazi yake ya kwanza, na hasara ya bei atakayoipata tutaiita sadaka kwa furaha ya nyumba yake. Lakini kama ataifunika kwa shuka ile ile, angoje mjinga mwenye fedha zaidi, basi hakununua motokaa. Amepokea zamu ya ulinzi.

Tusiumalize mfano huu kabla ya kuugeuza kwetu, maana ni rahisi kuyaona makosa ya matajiri walio ng'ambo ya bahari. Katika nyumba zetu mna sahani za kabatini ambazo hazijaonja chakula, na viti vilivyofunikwa nailoni ambavyo mgeni anayestahili kuvikalia hajazaliwa. Mna kanga zilizonunuliwa kwa ajili ya mama, zikakaa sandukuni mpaka akavishwa siku ya maziko yake. Mna vyeti vya elimu vilivyotundikwa ukutani, na mwenye navyo hajapata kumfundisha mtoto mmoja wa jirani kusoma. Mna sauti nzuri ambazo kwaya haijazisikia, kwa kuwa mwenyewe aogopa kukosea. Mna neno la msamaha linalowekwa mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya siku ifaayo, na aliyepaswa kulisikia anazeeka.

Walakini tusije tukatumia maneno haya kama kisingizio cha uharibifu, maana hilo ndilo kosa letu la pili, na pengine ndilo kubwa zaidi. Mara ngapi motokaa ya kijiji, au ya shule, au ya parokia, iliyonunuliwa kwa michango ya wajane, imekufa kwa muda wa miaka michache kwa sababu hakuna aliyejali kubadilisha oili? Kitu cha wote kimehesabiwa kuwa si cha mtu. Mbele ya uzembe huo, yule wa Marekani aliyeifuta motokaa yake kwa kitambaa miaka thelathini aweza kusimama siku ya hukumu na kutuaibisha. Alikuwa na nusu ya fadhila: alitunza, bali hakutumia. Sisi mara nyingi tuna nusu ya pili: twatumia, bali hatutunzi. Mkristo ameitwa kuzishika zote mbili kwa pamoja.

Kwa maana sisi nasi ni kazi ya mikono, na Fundi wetu hakutuunda ili tukae chini ya shuka. Tumepewa nguvu, akili, mali na siku za kuishi, na vyote hivyo vimepangiwa safari. Atakapotuita hatatusifu kwa sababu viti vyetu havijakaliwa. Atauliza tulimchukua nani, tulimpeleka wapi, na kama njiani tulikitunza chombo chake. Heri mtu ambaye siku ile ataonekana amechakaa kwa haki: rangi imefifia, maili ni nyingi, na injini ingali inaitika.